Seti za Chuma na Saa za Jembe: Wingi wa Mazoezi ya Mikono na Mpaka wa Kuzidiwa

Msuli wa mkono hautambui kama mzigo unaouvuta ni chuma cha mazoezi, ndoo ya maji au jembe la shambani. Unachokihisi ni mvutano, muda ambao mvutano huo unadumu, na idadi ya mara unazorudiwa, na kutokana na mambo hayo matatu mwili hujijenga, huvumilia au huumia. Ukweli huu una uzito wa pekee huko Abuku, kaunti ndogo ya wilaya ya Koboko nchini Uganda, na katika eneo lote la West Nile hadi mji wa Arua, ambako kijana anayetaka mikono minene mara nyingi hukifikia chuma chake jioni, baada ya mikono hiyo hiyo kulima, kupasua kuni au kupakia magunia tangu asubuhi. Swali ambalo wanamazoezi wa dunia nzima hulibishania, yaani seti ngapi zinatosha na ni wapi zinapoanza kudhuru, haliwezi kujibiwa kwa mtu wa namna hiyo kwa kunakili ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya karani anayeketi kutwa nzima. Hesabu yake lazima ianzie shambani, ipitie kwenye sahani na kitandani, ndipo ifike kwenye chuma.

Ngumi nyingi, mikono myembamba

West Nile ni eneo lililozoea kuheshimu mikono yenye nguvu. Wakati wa utawala wa Waingereza eneo hili lilitoa askari wengi wa jeshi la King's African Rifles, na katika kambi za jeshi hilo ndondi ilikuwa mchezo wa kumpa mtu jina. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulikuwa wa Wakakwa wa Koboko, alishikilia ubingwa wa Uganda wa uzani wa juu mwepesi kati ya 1951 na 1960, miaka mingi kabla ya kutwaa madaraka. Baada ya uhuru, Uganda ilijenga sifa ya ndondi iliyovuka mipaka: Eridadi Mukwanga alipata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico ya 1968, Leo Rwabwogo alipata shaba katika michezo hiyo hiyo na fedha huko Munich mwaka 1972, na John Mugabi akapata fedha huko Moscow mwaka 1980.

Mabondia ni mfano mzuri wa kuanzia, kwa sababu mtu anayepiga mfuko wa mchanga hurusha mamia ya ngumi katika kipindi kimoja, na bado mikono yake huwa myembamba ikilinganishwa na ya mtunisha misuli ambaye kwa wiki nzima huenda amenyanyua chuma mara mia mbili tu. Tofauti hiyo hutokana na ukubwa wa mzigo katika kila tendo. Ngumi moja huudai msuli sehemu ndogo ya uwezo wake wa kukaza, kwa hiyo mwili hujibu kwa kuongeza wepesi na uvumilivu. Mzigo mzito, au mzigo wa wastani unaorudiwa mpaka msuli ukaribie kushindwa, huziita kazini karibu nyuzi zote za msuli, na nyuzi zilizoitwa kwa nguvu namna hiyo ndizo hunenepa. Kwa sababu hiyo wataalamu wanapozungumzia wingi wa mazoezi hawahesabu kila tendo la mkono. Huhesabu seti nzito, yaani mfululizo wa marudio unaoishia pale ambapo mtu angeweza kurudia mara moja, mbili au tatu zaidi kabla ya kushindwa kabisa, na hujumlisha seti hizo kwa kila kundi la misuli katika wiki moja.

Makundi yenyewe ni machache. Mbele ya mkono wa juu kuna msuli wenye vichwa viwili unaokunja kiwiko na kugeuza kiganja kitazame juu, na chini yake kuna msuli mwingine mpana unaosaidia kukunja; nyuma kuna msuli wenye vichwa vitatu unaonyoosha kiwiko, ambao ndio unaochukua sehemu kubwa zaidi ya unene wa mkono huo, ingawa vijana wengi huutilia maanani kidogo kuliko ule wa mbele. Katika mkono wa chini kuna misuli mingi midogo inayofunga na kufungua vidole na kifundo, nayo hushikamana na mfupa wa kiwiko kwa kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Misuli hii yote hufanya kazi hata pale ambapo mtu hajaikusudia: anayejivuta juu ya tawi la mti huku akilenga kupanua mgongo amefanyisha kazi pia misuli ya mbele ya mkono, na anayepiga pushapu kwa ajili ya kifua amefanyisha kazi misuli ya nyuma. Ndiyo maana baadhi ya walimu wa mazoezi huhesabu kila seti ya namna hiyo kuwa nusu ya seti ya mkono, na mtu asiyefanya hesabu hiyo hudhani amefanya seti kumi ilhali mikono yake imebeba kumi na tano.

Ubishi wa zamani na majibu ya utafiti

Ubishi kuhusu wingi ulipata umaarufu katika miaka ya 1970. Arnold Schwarzenegger, aliyeshinda taji la Mr. Olympia mara saba, kuanzia 1970 hadi 1975 na tena mwaka 1980, aliwakilisha mkondo wa seti nyingi zinazorudiwa siku nyingi za wiki, wakati Mmarekani Arthur Jones, mbunifu wa mashine za mazoezi, alifundisha kwamba seti chache zinazofikishwa kwenye kikomo hutosha na kwamba zinazozidi hapo hupoteza nguvu za mwili bure. Miaka ishirini baadaye Mwingereza Dorian Yates alitwaa taji hilo hilo mara sita mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1997, kwa seti chache. Kwamba njia mbili zinazopingana zote zilitoa mabingwa kunaonyesha kuwa bingwa si kipimo kizuri cha njia, hasa katika mchezo ambao matumizi ya dawa za kukuza misuli yalienea na ambao washindi wake ni watu wachache wenye maumbile ya nadra.

Utafiti uliofanywa kwa watu wa kawaida umetoa jibu tulivu zaidi. Mwaka 2017 mtafiti Brad Schoenfeld na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 15 na kuona kwamba misuli hukua zaidi kadiri seti za wiki zinavyoongezeka, na kwamba waliofanya seti 10 au zaidi kwa kila kundi la misuli walipata ukuaji mkubwa kuliko waliofanya chini ya 5. Hata hivyo, ongezeko hilo halina mbio zisizokoma: mwaka huo huo watafiti wa Australia walilinganisha mpango maarufu wa seti 10 za marudio 10 kwa zoezi moja na mpango wa seti 5, na baada ya wiki sita waliofanya seti 10 hawakuwazidi wenzao kwa ukubwa wala kwa nguvu. Seti za kwanza huleta faida kubwa, zinazofuata huleta faida inayopungua, na hatimaye kila seti mpya huongeza uchovu pasipo kuongeza nyama.

Sababu ya kuwepo kwa kikomo hicho ilianza kuonekana wazi katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1995, ambao ulichunguza msuli wa mbele wa mkono wenyewe. Watafiti walikuta kwamba baada ya zoezi zito kasi ya mwili kutengeneza protini mpya za msuli huo ilipanda kwa takriban asilimia 50 saa nne baadaye, ikazidi mara mbili ya kawaida ilipotimu saa 24, na ikarudi karibu na kawaida ilipofika saa 36. Ujenzi, kwa maneno mengine, hufanyika baada ya chuma kuwekwa chini, na mtu anayeurudia mkono ule ule kila siku kwa seti nyingi huyakatiza matengenezo ambayo yeye mwenyewe ameyaanzisha. Kugawa seti za wiki katika siku mbili au tatu zenye nafasi kati yake huupa mwili vipindi kadhaa kamili vya ujenzi.

Kuzidiwa na mazoezi ni nini hasa

Neno la kuzidiwa hutumiwa ovyo, kiasi kwamba mtu mwenye maumivu ya siku mbili husema amezidiwa, na mwingine aliyeumia kweli huambiwa ni mvivu. Tamko la pamoja la vyuo vya sayansi ya michezo vya Ulaya na Marekani, lililotolewa mwaka 2013, lilitenga hatua tatu. Hatua ya kwanza ni uchovu wa makusudi, ambapo nguvu hushuka kwa siku chache au wiki mbili hivi, kisha baada ya pumziko hupanda juu ya pale zilipokuwa. Ya pili ni uchovu usio na faida, ambapo nguvu hushuka kwa wiki kadhaa au miezi na mwanamichezo hurudi alipokuwa bila kuvuna chochote. Ya tatu, ambayo ndiyo maradhi ya kuzidiwa yenyewe, huchukua miezi mingi na huambatana na usingizi mbovu, kukosa hamu ya kula, kuugua mara kwa mara na moyo mzito usiotaka tena mazoezi.

Ushahidi mwingi wa hatua hiyo ya tatu umetoka kwa wakimbiaji, waogeleaji na waendesha baiskeli, wala si kwa watu wanaonyanyua vyuma kwa ajili ya mikono. Misuli ya mikono ni midogo, na ni vigumu kwa seti za mikono peke yake kuuangusha mwili mzima. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kuzidiwa kwa sehemu moja: kano za kiwiko huchoka kabla ya msuli, kwa sababu kano hupata damu kidogo na hujirekebisha polepole kuliko nyama, kwa hiyo kijana ambaye msuli wake umekuwa na nguvu ndani ya miezi miwili huwa na kano ambazo bado hazijaufikia. Maumivu ya upande wa nje au wa ndani wa kiwiko, yanayozidi wakati wa kushika kitu kwa nguvu au kukamua nguo, ndiyo onyo la kwanza, na mtu akiyapuuza huweza kuishi nayo kwa miezi.

Tamko hilo la 2013 lina agizo jingine ambalo linastahili kusikilizwa zaidi West Nile kuliko Ulaya: kabla ya uchovu wa muda mrefu kuhusishwa na mazoezi, maradhi mengine yenye dalili zinazofanana yachunguzwe kwanza na kuondolewa. Katika eneo ambalo malaria huambukiza mwaka mzima, na ambako minyoo ya tumbo na kichocho huweza kumpunguzia mtu damu bila yeye kujua, kijana aliyepoteza nguvu kwa wiki mbili anahitaji kupimwa damu katika kituo cha afya kabla ya kubadilisha ratiba yake. Ni jambo la kusikitisha mtu kujilaumu kwa kukosa bidii wakati mwili wake unapigana na vimelea.

Jembe nalo ni zoezi

Anayelima kwa jembe la mkono huinua kichwa cha jembe kwa misuli ya mbele ya mkono na mabega, hukishusha kwa misuli ya nyuma ya mkono na mgongo, na muda wote huo vidole vimefunga mpini bila kulegea. Kila pigo peke yake si zito, na kwa hiyo kulima hakunenepeshi mikono kama chuma. Lakini maelfu ya mapigo huchosha misuli ya mkono wa chini na kuvuta kano zile zile za kiwiko ambazo jioni zitadaiwa kushika chuma chenye makopo ya rangi yaliyomiminwa saruji. Hayo hayo yanawahusu wanawake, ambao hutwanga, husukuma mpini wa pampu ya kisima na kubeba maji kwa wingi ambao hakuna mwalimu wa mazoezi angethubutu kuuandika katika ratiba, ingawa kazi hiyo mara chache huitwa mazoezi na mara chache zaidi hupewa pumziko.

Kalenda ya kilimo, kwa hiyo, inapaswa kuwa kalenda ya mazoezi. Mvua za West Nile huanza kwa kawaida kati ya Machi na Aprili na kuzidi kati ya Agosti na Oktoba, wakati miezi ya Desemba hadi Februari ni mikavu. Majuma ya kuvunja ardhi na ya palizi ya kwanza si majuma ya kuongeza seti. Ni wakati wa kushuka hadi seti 4 au 6 za wiki kwa kila kundi, kiasi ambacho hutosha kulinda nguvu zilizopatikana. Kiangazi, kazi ya shamba inapopungua, ndicho kipindi cha kupanda hatua kwa hatua hadi seti 10, na kwa mwenye uzoefu hata 15 au zaidi kidogo.

Hatari isiyopaswa kupuuzwa

Ikiwa maradhi ya kuzidiwa ni nadra kwa wanaofanyisha mazoezi mikono peke yake, liko jambo jingine ambalo hutokea ndani ya siku moja na ambalo limewafikisha vijana wenye afya hospitalini. Msuli usiozoea ukilazimishwa kufanya marudio mengi mno, nyuzi zake hupasuka na kumwaga yaliyomo katika damu, ikiwemo mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli na ambayo ikizidi huziba na kudhuru figo. Hali hii ilielezwa na madaktari wa London mwaka 1941 kwa watu waliofukuliwa chini ya vifusi vya mabomu, lakini haihitaji bomu: huko Taiwan wanafunzi 119 wa shule moja walipatikana nayo baada ya kuamriwa kupiga pushapu 120 kwa dakika chache, kama ilivyoripotiwa mwaka 2005, na Januari 2011 wachezaji 13 wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa baada ya zoezi kali mara tu waliporudi kutoka likizo. Visa vyote viwili vina chanzo kimoja, nacho ni wingi mkubwa uliowashukia ghafla watu ambao miili yao haikuandaliwa.

Joto, upungufu wa maji na ugonjwa huongeza hatari hiyo, na Uganda ina sababu ya ziada ya kuwa macho. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016, uliopima damu ya watoto wachanga, ulionyesha kwamba takriban asilimia 13.3 walirithi kinasaba kimoja cha ugonjwa wa damu wa selimundu. Mwenye kinasaba kimoja si mgonjwa na huweza kuishi na kushindana kama wengine. Lakini utafiti wa mwaka huo huo kwa askari wa Marekani wenye asili ya Afrika ulikuta kwamba walio nacho walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 54 ya kupasukiwa misuli kutokana na mazoezi. Kipimo cha damu huonyesha kinasaba hicho, na aliye nacho anapaswa kuongeza kazi taratibu, kunywa maji ya kutosha, na kukataa mashindano ya kurudia mpaka kuanguka.

Dalili za kuangalia ni mkono uliovimba na kukakamaa kiasi cha kutonyooka, maumivu makali kuliko ya kawaida ya siku ya pili, udhaifu mkubwa, na mkojo wenye rangi ya chai nzito au soda nyeusi. Malaria kali nayo huweza kuutia mkojo weusi, kwa hiyo katika hali yoyote ile mkojo wa namna hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Mgonjwa asijitibu kwa vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kutoka duka la dawa, kwa sababu dawa hizo huzidisha mzigo kwa figo ambazo tayari zimo hatarini.

Sahani na usingizi

Ugali wa muhogo, chakula kikuu cha nyumba nyingi za Koboko na Arua, hutoa nishati nzuri ya kazi, lakini unga wake una gramu moja au mbili tu za protini katika kila gramu 100. Uchambuzi wa tafiti 49 uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba faida ya protini kwa anayenyanyua vyuma hufikia kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani gramu mia moja hivi kwa mtu wa kilo 65. Kiasi hicho hakidai unga wa makopo kutoka ng'ambo, kwa kuwa maharage makavu yana takriban gramu 22 katika kila gramu 100, karanga takriban 25, na dagaa wakavu hupita vyote viwili kwa mbali. Mayai, maziwa, kunde, ufuta na kumbikumbi wa msimu hukamilisha yaliyobaki. Ambaye nyumbani kwake vyakula hivyo ni haba anapaswa kupunguza seti zake ziendane na sahani, kwa sababu seti zisizolishwa hula misuli ile ile ambayo zilikusudiwa kuijenga. Usingizi wa saa saba hadi tisa una uzito kama huo, na mtu aliyekesha matangani au kazini ana haki ya kuacha chuma siku inayofuata bila aibu.

Kipimo kinachofaa

Anayeanza atapata maendeleo kwa seti 4 hadi 6 nzito za wiki kwa kila kundi, zikigawanywa katika siku mbili zenye nafasi ya saa 48 kati yake, na wiki ya kwanza iwe nyepesi kwa makusudi, kwani msuli uliopitia kazi ndogo ya aina fulani hujikinga na madhara ya kazi kubwa ya aina hiyo. Nyongeza ya seti moja au mbili kila baada ya wiki mbili au tatu inatosha, na baada ya wiki sita hivi wingi upunguzwe nusu kwa wiki moja. Marudio yaishie yakiwa yamebaki moja hadi matatu kabla ya kushindwa, na misuli ya nyuma ipewe angalau sawa na ya mbele. Daftari dogo lenye idadi ya marudio, saa za shamba, usingizi na hali ya viwiko humfaa mwanamazoezi kuliko ratiba ya bingwa yeyote: marudio yakishuka kwa vipindi viwili au vitatu mfululizo kwa uzito ule ule, seti zimezidi kile ambacho mwili unaweza kukitengeneza, hata kama ni chache kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kijana wa Abuku anayefuata hesabu hiyo hatakuwa na sababu ya kuogopa chuma wala ya kukiabudu. Seti kumi zake si sawa na seti kumi za karani wa mjini, kwa kuwa zimetanguliwa na saa za jembe, na kuzipunguza wakati wa kilimo ni sehemu ya mazoezi yenyewe. Mikono hiyo inalisha watu, na mafunzo yoyote yanayoiacha ikiwa dhaifu kesho yake shambani, hata yakiwa na sifa gani, yamekosea kipimo.